Wa Sita kati ya Sita

Westray, Orkney
Jumapili, 16 Novemba

Mwanangu Merran,

Nakusalimu kutoka jikoni, mahali pekee penye joto katika nyumba hii. Mimi mzima, goti tu ndilo linalolalamika, nalo nimelizoea kama nilivyomzoea jirani yangu Sigurd. Huyo naye mzima. Ng'ombe wake mwekundu amezaa ndama dume, mkubwa kama meza, na Sigurd anapita nyumba hadi nyumba akisema ndama "si mbaya sana", yaani tangu dunia iumbwe haijaonekana kitu kama hicho. Kivuko hakikuja Jumanne wala Jumatano kwa ajili ya upepo. Kisiwani tuna ng'ombe elfu kadhaa na dukani hakuna maziwa!

Nilikuona kwenye televisheni. Umekonda.

Sasa lililonikalisha hapa. Gazeti la wiki jana linasema kati ya viongozi sita wa vyama vya Uskoti, wewe ndiye usiyependwa kuliko wote. Wamechora na mistari: wenzako wako huko juu wanasongamana, na wewe uko chini peke yako kama soksi iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Usijali. Mtu anayependwa na kila mtu mimi namwogopa, maana kila mtu amemwambia anachotaka kusikia. Ulipokwenda bweni Kirkwall una miaka kumi na miwili, ukaniandikia kwamba wasichana wa mjini hawataki kukaa nawe, nilikujibu nini? Nilikujibu: kaa hapo hapo mezani umalize chakula chako. Na leo jibu langu ni hilo hilo.

Watu wa kura za maoni wamepiga simu kisiwa kizima wiki hii. Tuliacha kuzungumzia hali ya hewa kwa siku moja nzima.

Kula. Vaa sweta niliyokutumia.

Shangazi yako,
Thora


Edinburgh
Jumamosi, 29 Novemba

Shangazi,

Salamu kwako, kwa goti, kwa Sigurd na kwa ndama wake asiye mbaya sana. Mimi sijambo. Nakula, jana nilikula pai mbili nimesimama kituo cha treni. Sweta nimeivaa. Davina, wakala wangu wa uchaguzi, anasema nikiwa nayo nafanana na mtu aliyekuja kutengeneza bomba.

Gazeti halikusema uongo. Wanahesabu hivi: wanawachukua wanaokupenda, wanawatoa wasiokupenda, na kinachobaki ndicho wewe. Mimi nimebaki hasi thelathini na nne. Anayenitangulia, wa tano, ana hasi kumi na mbili. Najua sababu. Nilisimama bungeni nikasema meli mpya walizoahidiwa watu wa visiwani hazitafika kabla ya miaka mitano, na kwamba chama chetu nacho kilishiriki kuwadanganya. Sijutii hata neno moja.

Lakini kuna jingine, na hili limenichoma. Wamelipima jimbo letu peke yake. Huko nyumbani Orkney nimepata hasi arobaini na moja. Shangazi, watu wa Glasgow ambao hawawezi kuionyesha Westray kwenye ramani wananipenda kuliko nyinyi!

Naibu wangu, Fergus Colquhoun, yule wa meno, ndiye aliyeileta karatasi hiyo kwenye kamati kuu. Akasema kwa upole, "Jamani, mimi Merran namheshimu sana. Ila kama watu wa kwao hawamtaki, sisi tumbandike kwenye mabango ya nini?" Watu wakakohoa. Nikamwambia, "Fergus, acha kuning'ata huku unanipuliza. Kiti unakitaka, sema." Akatabasamu. Wamenipa hadi tarehe 31 Januari niamue kung'atuka, ili yeye atuongoze kwenye uchaguzi wa Mei.

Nakuuliza swali moja, unijibu. Wewe walikupigia? Ulisema nini juu yangu?

Wako,
Merran


Westray
Jumapili, 21 Desemba

Merran mwanangu,

Barua yako imefika juzi, imelowa, nikaianika juu ya jiko pamoja na soksi. Krismasi imekaribia na keki nimeshaoka; nusu yako ninaituma. Ruby wa duka la mikate ameteleza mbele ya kanisa lakini hakuvunjika kitu ila heshima. Sigurd anasema baridi hii si kitu, amevaa kofia mbili.

Huyo Fergus simjui, na picha yake nimeiona. Mtu anayecheka mpaka jino la mwisho ana njaa. Usimpe mgongo.

Ati kung'atuka! Nani kakufundisha neno hilo? Baba yako Mansie alifunga kamba za kivuko pale gatini miaka thelathini na moja. Mwaka ule wa dhoruba kamba ilimvunja vidole viwili, akafunga kwa vile vinane vilivyobaki. Hakuna aliyesimama gatini akamuuliza kama anapendwa. Kivuko kilifungwa, watu wakashuka, wakaenda zao bila hata kumwambia asante, na kesho yake alikuwapo tena. Wewe ni mtoto wa huyo. Kaa kwenye kiti chako.

Kuhusu swali lako, nitaliandika siku nyingine, karatasi imekwisha.

Shangazi yako,
Thora


Edinburgh
Ijumaa, 9 Januari

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya, na keki nimeimaliza peke yangu, asante. Natumaini aliyekuwa wa kwanza kuvuka kizingiti chako alikuwa na nywele nyeusi na kipande cha makaa mkononi, kama mila inavyotaka ili mwaka uwe wa heri. Wa kwanza kuvuka changu alikuwa Fergus. Nywele nyekundu, mikono mitupu. Nuksi yote ya mwaka imeingia kwa mlango mmoja.

Alikuja na pendekezo. Niseme naondoka kwenye uongozi kwa sababu za kifamilia, na chama kitaniweka wa kwanza kwenye orodha ya mkoa, ile ya viti vinavyogawiwa kwa kura za chama. Nitarudi bungeni kwa uhakika, bila kumwomba kura mtu hata mmoja wa Orkney. "Utapumzika, Merran," alisema, "na wao watapumzika." Nilimfungulia mlango bila kumpa hata chai.

Ila nitakuambia ukweli, maana sina mwingine wa kumwambia. Barua ya kujiuzulu nimeiandika. Imo kwenye droo, haina tarehe tu. Kuchukiwa na Uskoti nzima naweza, nimeumbwa hivyo. Lakini nitasimamaje kusema "mimi ni sauti ya visiwa" wakati visiwa vyenyewe vimesema havinitaki?

Uliandika kwamba karatasi imekwisha. Shangazi, nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe. Nimeusoma huo weupe mara nyingi kuliko maneno yako.

Nijibu kabla ya tarehe 31.

Merran


Westray
Jumapili, 18 Januari

Merran,

Leo salamu utazikuta mwishoni.

Ndiyo, walinipigia. Kijana mwenye sauti ya adabu aliniuliza kama kwa ujumla nina maoni mazuri au mabaya juu ya Merran Rendall. Nikasema mabaya. Akauliza, "Mabaya kiasi, au mabaya sana?" Nikamwambia, "Mabaya sana, kijana wangu, na supu yangu inaungua," nikakata.

Ulitaka nimwambieje? Mtu simjui, kwao sikujui, anapiga simu nyumbani kwangu nimwimbie sifa za mtoto niliyemlea? Umesahau desturi za kwenu? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa mtu akimsifu wa kwake mbele ya mgeni, tunajua ana kitu cha kuficha. Sigurd mwenyewe hajathubutu kumsifu ndama, seuze mimi nikusifu wewe!

Hata hivyo nilipousoma ule mstari wa karatasi nyeupe niliona aibu. Nikavaa viatu vya mpira nikazunguka kisiwa siku tatu, goti likipiga kelele. Waliopigiwa simu hapa Westray ni ishirini na watatu. Sigurd alimwambia kijana, "Huyo? Baba yake namjua," na kijana akaandika mabaya. Ruby alisema unaongea haraka mno na nywele huchani. Watatu walisema uliwaambia meli haziji, na kweli haziji, kwa hiyo hawana furaha. Nikawauliza, sasa kosa ni la nani, wakasema si la Merran, yeye ndiye pekee aliyetuambia, lakini hawakuulizwa hilo. Mtu mmoja tu ndiye aliyekusifu kwa moyo wake wote. Ni Bwana Pettifer, Mwingereza aliyehamia mwaka juzi kufuga mbuzi. Maskini, hajui mila.

Na nina hakika visiwa jirani, Sanday na Stronsay, wamefanya hayo hayo. Watu wa takwimu wamewaomba watu wa Orkney wamsifu mtu wa kwao kwenye simu! Wangeuliza mawe.

Sasa lile nililokuwa silitaki kuliandika. Siku ile nusu ya jibu langu ilikuwa kweli. Hujavuka mlango huu tangu tulipomzika baba yako. Miezi kumi na sita. Nimekuona kwenye televisheni mara ishirini, na kwenye kiti chako cha dirishani hata mara moja. Kwa hiyo kijana alipotaja jina lako, hasira ilinitangulia. Nimelisema, limekwisha.

Usijiuzulu kwa sababu ya supu yangu. Barua hii naipeleka gatini mwenyewe kesho asubuhi.

Salamu,
Thora


Edinburgh
Alhamisi, 5 Februari

Shangazi wangu,

Barua yako imefika leo. Muhuri ni wa tarehe 19 Januari. Siku kumi na saba! Dhoruba kwanza, kisha ukungu, kisha dhoruba tena. Kikao cha kamati kuu kimefanyika Jumamosi nisijue lolote ulilokuwa umeandika.

Niliingia na barua ya kujiuzulu mfukoni. Fergus alikuwa amevaa tai mpya. Mwenyekiti akasema, "Haya Merran, tunakusikiliza." Meza ilikuwa inayumba, kila mtu akiweka kiwiko chai zinamwagika. Basi nikaitoa ile barua, nikaikunja mara nne, nikainama nikaiweka chini ya mguu wa meza. Ikatulia. Nikawaambia:

"Mimi ni wa sita kati ya sita. Nyumbani kwetu hawanipendi, na haki wanayo, niliwapa habari mbaya. Lakini hakuna mtu wa Westray aliyewatuma nyinyi mnitoe. Wakitaka kunitoa wana siku yao, tarehe 7 Mei, na penseli za kupigia kura zipo kituoni."

Fergus akauliza, "Na ukishindwa huko kwenu?"

"Nikishindwa Orkney, chama ni chako siku hiyo hiyo. Na kwenye orodha yenu msiniandike. Nitarudi kwa mlango wa mbele au sirudi."

Wamekubali. Kwa hiyo sasa mambo ni hayo, Shangazi. Jimbo letu au basi.

Nielewe vizuri. Niliyasema hayo nikiamini mnanichukia. Niliposoma barua yako leo nilicheka mpaka Davina akaja kuangalia, halafu akanikuta nalia, akaondoka.

Kuhusu kiti cha dirishani sina utetezi. Niliogopa. Najua viatu vya baba bado viko mlangoni, na sikutaka kuviona bila yeye. Ndiyo hivyo. Nisamehe.

Ila nina ombi. Watapiga simu tena. Sema neno moja zuri. Moja tu.

Merran wako


Westray
Jumapili, 15 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka kwenye matope. Kondoo wameanza kuzaa, na Sigurd amekuja mara mbili kuazima chupa ya maziwa, akakaa mpaka chai ikaisha. Goti nimepewa dawa ya kupaka inayonuka kama zizi. Nimekusamehe tangu siku ile barua ilipofika. Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa namsubiri yule kijana wa simu ili nikupe majibu.

Amepiga Jumanne. Nilijiandaa. Nilikaa, nikavaa na miwani, kana kwamba ananiona. Akauliza lile swali lake. Nikasema moyoni, Thora, neno moja tu, mtoto amekuomba. Nikafungua mdomo, mdomo ukasema, "Mabaya sana."

Siwezi, Merran. Nina miaka sabini na minne, na mdomo huu hauna njia hiyo. Baada ya hapo nilimwuliza kama angependa kujua kura yangu nitampa nani. Akasema, "Samahani mama, swali hilo leo halimo kwenye fomu yangu."

Basi. Kama halimo kwenye fomu yao, shauri lao.

Viatu vya Mansie nilivitoa mlangoni Jumatatu. Jioni nikavirudisha. Utakuja uamue mwenyewe.

Shangazi yako


Edinburgh
Jumatano, 22 Aprili

Shangazi,

Salamu za haraka, nimesimama. Orkney sasa ni hasi arobaini na sita, asante sana! Davina ameacha kuninyooshea magazeti, anayaweka uso chini. Fergus amepiga picha mpya, ya kwanza ambayo amefunga mdomo, nadhani ndiyo ya uongozi.

Jana tulikuwa na mdahalo, viongozi wote sita. Wenzangu watano waliahidi meli. Mmoja alifika hadi meli nne. Ilipofika zamu yangu mtangazaji hakuniuliza juu ya meli, aliniuliza najisikiaje kuwa kiongozi asiyependwa kuliko wote. Nikamwambia, "Kwetu Westray upepo nao haupendwi, na hatujawahi kuusikia ukiomba radhi." Ukumbi ulicheka, na kwa mara ya kwanza haukunicheka mimi.

Sijui kama nitashinda. Mimi siyo yule Merran wa televisheni. Usiku—hapana, sitaandika hayo. Nakuja. Jumatano tarehe 6 Mei, kwa ile ndege ndogo, ukungu ukipenda. Nitalala kwako, na Alhamisi nitapiga kura Westray kama wenzangu.

Merran


Kirkwall
Ijumaa, 8 Mei

Shangazi,

Barua hii nampa mhudumu wa kivuko, itakufikia kesho kabla ya gazeti. Ningeileta mwenyewe, lakini ndege ya Edinburgh inaondoka saa kumi na Bunge halisubiri.

Asante kwa kitanda, kwa uji, na kwa kutosema lolote. Jioni nzima tulizungumza juu ya ndama wa Sigurd. Nilisubiri useme neno, hukusema, nami sikuuliza. Asubuhi niliviona vile viatu mlangoni. Kisha nikavivaa. Vilinizidi saizi mbili, ndivyo nilivyoshuka navyo barabarani hadi ukumbini kupiga kura.

Leo wamehesabu. Masanduku yanafunguliwa moja moja, wanahesabu kwanza idadi ya karatasi, na mawakala wanaruhusiwa kusimama ng'ambo ya meza kuangalia. Davina alisimama mbele ya sanduku la Westray na kadi yake, kila akiona kura yangu anachora kijistari. Nilikuwa nimempa kisogo kwa woga. Nikasikia ananiita, "Merran, hebu njoo." Penseli ilikuwa imeisha ncha. Kadi ilikuwa imejaa vijistari mbele na nyuma, na alikuwa ameanza kuandika kwenye kiganja.

Kirkwall mjini wamenipiga, Stromness tumetoka sare. Halafu yakaja masanduku ya visiwa, Sanday, Stronsay na mengine, yote kama lenu. Nimeshinda kwa kura mia mbili na kumi na saba.

Chama kimepoteza viti viwili kwingineko, sitakuficha, na vita na Fergus haijaisha. Lakini ndiye aliyenipigia simu kwanza. "Hongera," akasema, "ila sielewi. Takwimu zote zilisema kwenu hawakutaki. Imekuwaje?"

Nikamwambia, "Supu iliungua, Fergus."

Na takwimu ya leo asubuhi imetoka. Bado wa sita.

Wako daima,
Merran


Westray
Jumapili, 10 Mei

Mwanangu Merran,

Salamu. Jua limetoka, Sigurd amevua kofia moja. Ndama amepata zawadi ya kwanza kwenye maonyesho, na Sigurd anasema majaji walikuwa na haraka. Ruby anakusalimu, anasema nywele ulikuwa umechana.

Jana alikuja mwandishi wa gazeti kwa kivuko, msichana mwenye viatu visivyofaa. Akabisha, akaniuliza, "Mama, wewe ndiye uliyemlea. Unajisikiaje?" Nikamwambia, "Nani, huyo? Baba yake namjua." Nikafunga mlango.

Sasa hapa hakuna mgeni. Nimepiga komeo, nimevaa miwani, karatasi ninayo ya kutosha.

Alhamisi nilikuwa dirishani, kwenye kiti chako. Nilikuona unashuka barabara ile na viatu vya Mansie, unaburuta miguu ili visikuvuke, uso umeuelekeza kwenye upepo kama yeye alivyokuwa akifanya. Nililia mpaka uji ukaungua, na safari hii haukuwa uongo wa simu kama ile supu. Hakuna mtoto aliyezaliwa kisiwa hiki anayekuzidi. Nakupenda, na najivunia wewe kuliko kitu chochote nilichowahi kuwa nacho. Laiti Mansie angekuwapo, angesema si mbaya sana, halafu angeenda nyuma ya banda akapenga kamasi.

Nimeandika mara moja. Usitegemee ya pili.

Ukishasoma, choma barua hii. Ikionekana popote, nitasema si mwandiko wangu.

Shangazi yako,
Thora